Jichwa, utosi, fuvu: ‘noggin’ tuiite nani kwa Kiswahili?

Swali limetoka kwa dada mmoja mtafsiri, anakaa Umoja hapa Nairobi. Nalifupisha kidogo:

“Mwalimu, hujambo. Nimepewa hadithi ya Kiingereza niitafsiri kwa watoto wa shule ya msingi. Inahusu wavulana watatu wa London na mzee mmoja mwenye duka. Katika sura moja tu mwandishi anataja kichwa mara kumi na moja. Mara tatu anasema ‘head’, halafu kila mara neno jipya: ‘skull’, ‘noggin’, ‘bonce’, ‘loaf’, ‘nut’, ‘block’, ‘pate’, ‘cranium’. Mimi nimeandika kichwa karibu kote. Mhariri amenirudishia sura hiyo amezungushia kila ‘kichwa’ duara jekundu, hata ‘fuvu’ hakuliacha, na pembeni ameandika: ‘Tafuta visawe.’ Nimefungua kamusi mbili na sijapata. Je, ni kweli Kiswahili ni maskini? Na ‘fuvu la kichwa’ ni sawa, au ni kusema jambo moja mara mbili?”

Sijambo dada, na sura uliyonitumia nimeisoma, pamoja na maduara yake.

Nianze na hilo la umaskini, maana naona ndilo linalokuuma. Si kweli. Ila sitakudanganya pia: ukitafuta neno moja la Kiswahili ambalo ndilo ‘noggin’, lingine ambalo ndilo ‘bonce’, na la tatu la ‘loaf’, utazeeka hujapata. Kiingereza kikitaka kufanya mzaha na kichwa hubadilisha nomino yenyewe. Kiswahili huiacha nomino palepale, kikagusa vinavyoizunguka: kiambishi, mahali, kitenzi, hata ngeli. Mhariri wako ana haki kulalamika kwamba sura imekuwa bapa. Dawa aliyoiandika pembeni ndiyo siyo.

Tazama kwanza hayo maneno ya Kiingereza yalikotoka, kwa sababu huwezi kuuhamisha mzaha kama hujui umekaa wapi. ‘Head’ ndilo neno la ukoo. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa ‘heafod’, na ni ndugu wa ‘caput’ ya Kilatini. Mengi ya hayo mengine yalianza maisha jikoni au uwanjani kwa watoto. ‘Noggin’ ilikuwa kikombe kidogo cha kunywea, kabla haijapanda mabegani mwa mtu. ‘Bonce’ ilikuwa gololi kubwa, sisi tungesema bano, lile nene ambalo mtoto hakubali kuliweka dau. ‘Nut’ ni kokwa. ‘Loaf’ ni mkate, na hili lina kisa: watu wa mashariki mwa London wana mtindo wa kulificha neno nyuma ya fungu la maneno linaloshabihiana nalo kwa vina. ‘Head’ ikafichwa nyuma ya ‘loaf of bread’, halafu mkia ukakatwa, ikabaki ‘loaf’ peke yake, na mgeni asijue mkate umeingiaje kwenye mazungumzo. Kijana wa Eastlands aliyekulia kwenye Sheng hahitaji kuelezwa zaidi.

Wala si Waingereza peke yao waliokiona kichwa kama chombo. ‘Kopf’ ya Kijerumani imetokana na neno la Kilatini la kikombe. ‘Tête’ ya Kifaransa imetoka kwa ‘testa’, chungu au kigae cha chungu. Kiingereza cha kale kiliita mifupa inayofunika ubongo sufuria ya ubongo, na neno hilo, ‘brainpan’, lipo hadi leo. Na mabaharia wa Kireno walipoiona nazi na vitundu vyake vitatu waliona uso unaokenua meno, wakaiita ‘coco’, jina la zimwi la kutishia watoto. Kwa hiyo Mwingereza anapokiita kichwa ‘coconut’ kwa mzaha, anarudisha tu kilichoazimwa.

Na sisi je? Chukua ‘fuvu’ uliweke kando ya ‘kifuu’, lile ganda gumu la nazi lililokwisha kukunwa. Yanafanana kwa sauti, na kwa maana yamekaa mlango kwa mlango. Kamusi za zamani zinalieleza fuvu kama ganda tupu, kitu ambacho kilichokuwamo kimeshatolewa. Lipo pia ‘bupuru’, ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa nazi na kwa kichwa vilevile. Mwambao wa nazi ulichonga picha ileile ambayo Wafaransa waliifinyanga kwa udongo. Halafu kuna ‘kata’, ambayo hainiachi: kata ni kile kifuu kilichotiwa mpini cha kuchotea maji mtungini, na kata ni lile zingo la kitambaa au majani ambalo mama huliweka kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Sisemi neno moja limezaa lingine. Nasema tu kwamba nimekaa nayo miaka mingi.

Hapo umeshapata nusu ya jibu la swali lako la mwisho. ‘Fuvu la kichwa’ si kurudiarudia. Fuvu ni ganda tupu, na ‘la kichwa’ linasema ni ganda la nini. Leo fuvu peke yake linatosha, kwa sababu maana ya ganda la nazi imefifia na watu wanasema kifuu. Lakini urefu huo una heshima yake. Kwenye Biblia ya Kiswahili, Golgotha inafafanuliwa kuwa ni Fuvu la Kichwa, na huwezi kusoma mstari ule ukaona kuna neno lililozidi. Tena kilima kile kimoja kinakupa somo zima la visawe: Golgotha ni Kiaramu, Luka kwa Kigiriki aliandika ‘kranion’, ambamo ndimo ‘cranium’ ilimotoka, na Kilatini kikasema ‘calvaria’, ndiyo Kalvari tunayoiimba Jumapili. Wengi wanaoiimba hawajui wanataja fuvu.

Nusu ya pili ya jibu ndiyo muhimu kwako, na hapa ndipo ulipoteleza. Kwenye ukurasa wa nne umeandika: “Alianguka kutoka kwenye ukuta akapasua fuvu lake.” Kiingereza kinasema ‘cracked his skull’, kwa hiyo kimsamiati uko sawa. Lakini mtoto wa Kayole akisoma hapo ataona nini? Ataona kijana aliyekuwa na fuvu lake mahali, pengine la mnyama, akaanguka nalo likavunjika. Kwetu fuvu katika maneno ya kila siku ni la maiti, la makumbusho, la alama ya hatari iliyobandikwa kwenye transfoma ya stima. Mtu aliye hai ana kichwa. Kiingereza hakina aibu hiyo: ‘skull’ iko kwa walio hai na waliokufa, kwa daktari na kwa mama anayemfokea mwanawe asiyesikia.

Ukitaka kuiona tofauti hiyo kwa macho, nenda soko la Burma adhuhuri ukaagize kichwa cha mbuzi. Mimi huenda mara moja moja. Muuzaji anakitoa kwenye sufuria kikitoka moshi, anakilaza juu ya gogo, anauliza, “Nzima ama nusu?” Ukisema nusu anakipiga panga moja kati ya pembe, kinafunguka kama kitabu. Halafu mkono wake unaanza kutaja: ulimi huu, shavu hili, macho unakula? ubongo nikuwekee kando? Hakuna hata siku moja nimesikia mteja akiagiza fuvu. Ni kichwa mpaka nyama iishe. Lile linalobaki kwenye sinia, jeupe, lenye matundu, ambalo mhudumu analikusanya kwenye karai, hilo sasa ndilo fuvu. Kumbuka na lile “nzima ama nusu”, nitalirudia.

Kwa hiyo ukurasa wa nne andika: “Alianguka kutoka ukutani akapasuka kichwa.” Kichwa hakihitaji ‘chake’, kwani atapasuka cha nani? Baadaye daktari anapozungumza na mama, hapo fuvu linaruhusiwa: “Fuvu limepata ufa, lakini ubongo uko salama.” Daktari anaruhusiwa kwa sababu ameona picha ya mfupa, na mfupa ndio anaouzungumzia.

Kwa daktari kuna kitu kingine cha kuchunga, ingawa katika hadithi yako hakitakusumbua. Kiingereza cha kitabibu hutofautisha ‘skull’ na ‘cranium’. Mifupa ya kichwa cha mtu mzima kwa hesabu ya kawaida ni 22: 8 inayozunguka ubongo na 14 ya uso. Daktari akisema ‘cranium’ mara nyingi anazungumzia ile 8. Mtafiti wa mabaki ya kale naye hulitumia kwa fuvu lililokosa taya la chini. Hapa kwetu tunayo mifano miwili mizuri, yote imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Lile fuvu maarufu namba KNM-ER 1470, aliloligundua Bernard Ngeneo mwaka 1972 huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, lilikuwa vipande zaidi ya 150 vilivyounganishwa kwa subira kubwa, na taya la chini halina. Yule mvulana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu aliona kipande chake cha kwanza mwaka 1984 huko Nariokotome, taya analo. Siku ukipewa maandishi ya makumbusho utafsiri, la kwanza liite fuvu lisilo na taya la chini, usiogope urefu. Kiswahili hakina neno moja la hapo, na maneno sita yaliyo wazi ni bora kuliko ‘kraniamu’ ambayo itabidi uieleze kwa maneno hayohayo sita.

Nirudi kwenye hadithi. Mhariri wako anadhani kurundika visawe ni tabia ya waandishi wa siku hizi. Hapana, ni ya zamani. Katika ule mchezo wa Hamlet, ulioandikwa yapata mwaka 1600, kuna onyesho la makaburini ambapo mchimba kaburi anafukua mafuvu na kuyatupa nje huku akiimba. Ndani ya mazungumzo hayo mafupi Shakespeare anatumia ‘skull’, ‘pate’, ‘sconce’ na ‘mazzard’, na hilo la mwisho nalo lilitokana na bakuli la kunywea. Lakini hakuyapanga ili kukwepa kurudia neno. Hamlet anautazama mfupa na kuwaza ni wa nani: huenda ni wa mwanasiasa, huenda ni wa mwanasheria, na sasa mchimba kaburi anaubamiza kwa sepetu. Neno la dharau linakuja mtu mkubwa anapodharauliwa na koleo. Kila neno lina kazi. Mwandishi wako wa watoto naye, nikimsoma vizuri, ana kazi kwa kila neno, isipokuwa mara moja au mbili anapojifurahisha tu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kwenye kila duara jekundu ni hili: neno hili linafanya nini hapa? Linadharau? Linacheka? Linaonyesha pahali pa kichwa? Au linajigamba? Ukishajua, Kiswahili kina vifaa.

Cha kwanza ni kiambishi cha ukubwa, na nashangaa hukukigusa hata mara moja. Kichwa kikidharauliwa kinakuwa jichwa. “Ondoa jichwa lako hapo!” Sikia lilivyo: halihitaji kisawe, halihitaji kivumishi, mtoto wa miaka minane analicheka. Kinyume chake ni kijichwa, cha kitoto kichanga au cha mtu unayemwona kituko. Mwingereza aliyehitaji maneno sita ya kuchezea ameyahitaji kwa sababu lugha yake haina hiyo ‘ji’. Usilitumie lakini zaidi ya mara mbili katika sura. La tatu halichekeshi tena.

Cha pili ni mahali. Hapa ndipo tulipo matajiri, na hapa ndipo kamusi zako zilikuangusha, kwa sababu ulitafuta kichwa kizima. Sisi tunakigawa. Kuna utosi, kilele chenyewe, pale ambapo kwa mtoto mchanga panapwita na mama hakubali mtu aguse mpaka pakaze, aghalabu kabla hajatimiza miaka miwili. Kuna paji la uso. Kuna komo, paji lililojitokeza. Kuna kisogo, upande wa nyuma, ambao umezaa usemi wa kumpa mtu kisogo na methali kwamba akupaye kisogo si mwenzio. Chini ya kisogo, pale shingo inapoanzia, kuna kikosi, na hapana, sizungumzii Harambee Stars. Kuna kipara, kuna upara. Mtu akipigwa kwa Kiswahili tunataka kujua amepigwa wapi. Kiingereza kinasema ‘on the bonce’ na kuridhika. Wewe amua: gazeti lililokunjwa lilitoka mbele, juu au nyuma? Katika hadithi yako mzee amesimama nyuma ya kaunta ndefu na mvulana ni mfupi, kwa hiyo ni utosini.

Tena hapo hapo pana mtego, na umeuingia. Umeandika: “Mzee akampiga kichwa kwa gazeti.” Futa kabla mtu hajaona! Kumpiga mtu kichwa ni kumtwanga kwa paji lako wewe, kama wafanyavyo wagomvi kwenye kituo cha matatu, na mpira ukipigwa kichwa unaingia golini. Msomaji wako atamwona mzee wa miaka sabini akimrukia mtoto kwa kichwa, gazeti mkononi. Herufi mbili tu zinamwokoa mzee: kichwani. Afadhali zaidi: “Gazeti likamtua utosini, paa!”

Hiyo ‘paa’ ndiyo kifaa cha tatu. Mwandishi wako anapoandika ‘banged his noggin on the door frame’ kicheko kiko ndani ya ‘noggin’, sauti yenyewe ina kitu cha mbao ndani yake. Huwezi kuipata kwa nomino, ipate kwa tanakali: “Alikuwa bado anajigamba alipojigonga paji la uso kwenye fremu ya mlango, ngo!” Soma kwa sauti mbele ya mtoto yeyote uone. Umeshahamisha mzaha kutoka jina hadi sauti, na wala mhariri hatakuuliza ‘noggin’ imekwenda wapi.

Kifaa cha nne kinahitaji ujasiri kidogo. Unakumbuka “nzima ama nusu”? Yule muuzaji wa Burma hasemi kichwa kizima. Nairobi yote husema kichwa yangu inauma, kichwa nzima, kichwa ya mbuzi. Tunayaita makosa, na darasani ni makosa, lakini kwa mtafsiri ni hazina, kwa sababu hapa mjini ngeli ndiyo inayotuonyesha mtu anazungumza na nani. Sasa tazama ‘cranium’ yako. Anayelitumia ni yule mvulana mwenye miwani anayependa kujifanya profesa, mbele ya wenzake wanaozungumza lugha ya mtaani. Wewe umeandika “kichwa kinaniuma”, na utani wote umekufa hapo. Jaribu hivi: mwenzake anauliza, “Kichwa inakuuma?” Naye anarekebisha miwani, anajibu kama msoma habari wa saa moja: “Kichwa changu kimepatwa na maumivu makali.” Neno ni lilelile moja. Cheko limetoka kwenye ‘changu kimepatwa’.

Najua utakachoniambia: kitabu cha shule kina masharti ya Kiswahili sanifu na sentensi hiyo ya kwanza haitapita. Huenda. Kama haipiti, mwenzake na aulize kwa mkato tu, “Kichwa tena?” na profesa ajibu vilevile. Au mpe ‘bupuru’: “Bupuru langu linaniwanga.” Hakuna mtoto Nairobi anayelijua neno hilo, na ndiyo maana litafaa kinywani mwa mtoto anayejua kila kitu.

Zilizobaki ni nyepesi. ‘Use your loaf’ ni “Chemsha bongo!” na kwa bahati tumebaki jikoni na Waingereza, wao na mkate wao na sisi na sufuria yetu. ‘Off his nut’ iachie kichwa kabisa: “Huyo mzee akili zimeruka.” ‘Pate’ ni kipara, kwa sababu katika sentensi ile taa inaakisiwa juu yake, na nywele haziakisi taa. ‘I’ll knock your block off’ ni kitisho cha mzee, na wazee wetu wana vitisho vyao tayari: “Nitakuonyesha cha mtema kuni!” Usijaribu kukihamisha kichwa kwenda kwenye kitisho hicho. Uliandika “nitakung’oa kichwa chako” na nilishtuka, maana kwetu hilo linasikika kama mtu anayekusudia kweli.

Kuna neno moja halimo kwenye orodha yako lakini nakuwekea akiba, kwa kuwa naona unapenda haya mambo. Ni ‘poll’. Zamani lilikuwa na maana ya kichwa, hasa utosi, na kiluwiluwi kwa Kiingereza, ‘tadpole’, maana yake ya asili ni chura-kichwa, jambo ambalo ukikitazama kwenye maji utakubali. Kutoka kuhesabu vichwa likaingia kwenye kura, na ndiyo maana kituo cha kupigia kura ni ‘polling station’. Likaingia pia kwenye kodi. Uingereza ilitoza kodi ya kichwa mwaka 1377, ikarudia, na mwaka 1381 wakulima wakaandamana hadi London. Ikajaribu tena karne sita baadaye, na Machi 1990 London ikawaka. Kwetu ilikuja na wakoloni: kodi ya kibanda kwanza, kisha kutoka 1910 na ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na kibanda cha kutozwa. Kodi ilikuwa miongoni mwa malalamiko aliyoyabeba Harry Thuku, na Machi 1922 watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi kudai aachiliwe wakamiminiwa risasi. Basi ‘kodi ya kichwa’ ni tafsiri sahihi kabisa, neno kwa neno, ya kitu ambacho babu zetu hawakuhitaji kamusi kukielewa. Katika hadithi ya watoto haikuhusu. Siku ukitafsiri historia itakuhusu.

Na kabeji, kabla sijasahau. Kiingereza husema ‘a head of cabbage’, na ‘cabbage’ yenyewe imetoka kwenye neno la Kifaransa cha kale la kichwa. Wanasema kichwa cha kichwa kila wanapokwenda sokoni, kisha mtu akuambie ‘fuvu la kichwa’ ni kurudia.

Sasa turudi kwenye zile ‘head’ tatu. Moja ni ‘lost his head’, ambayo uliiandika “alipoteza kichwa chake”. Hapo sina la kusema ila kwamba mhariri alikuonea huruma akachora duara tu. Mvulana amepagawa baada ya kuvunja kioo: “Alichanganyikiwa asijue aende wapi.” Kichwa hakimo. Ukitaka kibakie, Kiswahili kina ‘kichwakichwa’, lakini hiyo ni ya mtu anayejitosa bila kufikiri, na huyu wako amesimama tu anatetemeka.

Mbili za mwisho ni pale mzee anapotikisa kichwa, na pale mvulana mdogo anapojikuna kichwa mbele ya droo iliyo tupu. Hapo mwandishi mwenyewe hakutafuta neno lingine, aliandika ‘head’ na akaendelea. Akatikisa kichwa. Akajikuna kichwa. Pembeni mwa maduara hayo mawili mwandikie mhariri: hapa kibaki.